Chakula Kilichofukiwa kwa Jirani: Maisha ya Theopista Marselino, Mama Euphrasia wa Busolela

Baba Paroko, wazee wa kijiji cha Busolela, viongozi wa sungusungu, ndugu zetu mliotoka Ushirombo, Bugarama, Rwamgasa na Geita, majirani na wafiwa wenzangu, mimi ni Donatus Marselino, seremala, mdogo wake marehemu, na ukoo umenituma nisome mbele yenu maisha ya dada yetu, kazi ambayo ningeikwepa kama ningepata njia, kwa sababu mnanijua, mbele ya watu ulimi wangu hukauka, na leo watu ni wengi kuliko nilivyowahi kuona katika ua huu. Najua pia kwamba wengi wenu hamkuja kusikiliza alizaliwa wapi na alisoma mpaka darasa la ngapi, mmekaa hapo mkisubiri nifike kwenye chakula, mnataka kujua kama dada yangu kabla ya kufa alimwambia mtu yeyote ni nani anayemhifadhia nani, na mimi nawaomba mnivumilie, nitafika huko, ila historia ya mtu haianzii katikati.

Marehemu Theopista alizaliwa tarehe 17 Agosti 1930 Ushirombo, mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mzee Marselino, mkulima na mpiga kengele wa kanisa, na mama yetu Euphrasia, mwanamke ambaye hakuna aliyemshinda kukata viazi na kuvianika juu ya mawe mpaka vikawa michembe mikavu ya kukaa mwaka mzima, alibatizwa tarehe 31 ya mwezi huohuo, na katika sisi sita niliyebaki tangu Jumanne ni mimi peke yangu.

Alisoma shule ya misheni ya wasichana hapo hapo Ushirombo kuanzia mwaka 1940 hadi 1943 alipomaliza darasa la nne, akajua kusoma, kuandika, kushona na kuimba sauti ya pili, na masista walimpenda ingawa walimwadhibu mara kwa mara kwa kosa moja tu, kwamba akipewa viazi viwili alikula kimoja na kingine akakifukia mchangani chini ya dirisha la bweni, akisema kesho haijulikani, na waliofaidi kesho hiyo walikuwa panya. Kuanzia Januari 1944 hadi katikati ya mwaka 1950 alifanya kazi katika jiko la zahanati ya misheni, akipikia wagonjwa uji na maharage, na huko ndiko alikojifunza kuingia chumba cha mgonjwa bila kumsumbua na kutoka bila kuulizwa, jambo ambalo baadaye lilikuja kumsaidia, na baadaye zaidi likaja kumponza.

Tarehe 22 Julai 1950 alifunga ndoa takatifu na marehemu Ansgar Budeba, kijana wa Busolela aliyekuwa akifanya kazi kwenye kinu cha kusagia mawe katika mgodi wa Geita, wakahamia huko katika nyumba za wafanyakazi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Euphrasia aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1952, Leonard aliyezaliwa mwaka 1955 na kufa kwa surua mwaka uliofuata, na Alois aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1959, ambaye leo amekuja na wenzake kutoka maduara ya Rwamgasa, yale mashimo wanayochimbia dhahabu. Mwishoni mwa mwaka 1961, mvua ile kubwa ilipokata barabara na lori la posho likazama njiani, kambi nzima ilikaa na njaa juu ya dhahabu, na dada yangu alifungua gunia lake la michembe akalipikia safu yote ya nyumba zao, na tangu siku hiyo akawa na neno moja ambalo Ansgar alilichoka, kwamba dhahabu haichemki. Kazi mgodini ilipokwisha mwaka 1966 walirudi hapa Busolela wakiwa na ng'ombe kumi na wanne, mabati ya nyumba moja, na nguvu za kulima.

Hapa ndipo naanza kukaribia mnachokisubiri, na naona mzee mmoja pale nyuma amesimama, tafadhali mzee wangu, kaa, hata nikiharakisha maneno ni yale yale.

Mwezi Julai 1972 walianza kupita watu waliokimbia Burundi, wengi wakapelekwa makambini upande wa Tabora, lakini mama mmoja kijana aitwaye Generosa, huyu mnayemwona ameketi karibu na jeneza, alikuwa na mimba ya siku za mwisho na miguu imevimba, akashindwa kuendelea na safari, marehemu akamchukua nyumbani kwake, akajifungua wiki hiyo hiyo, na hakuondoka tena. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni huyu alituponya kweli, ingawa haikuwa siku ile ile. Alimsimulia dada yangu kwamba kwao kila kilichoonekana kilichomwa, nyumba, maghala, hata kuni zilizopangwa ukutani, na kwamba yeye na mama yake waliishi porini kwa viazi vya shamba lao ambavyo vilikuwa bado havijachimbwa, wakienda kung'oa viwili vitatu na kurudi kujificha, kisha akasema, "Mama, moto haujui kuchimba." Dada yangu alilibeba neno hilo kama mtu aliyeokota kitu njiani, akalizungusha siku nyingi, na mwishowe akamwambia Ansgar kwamba kihenge chao kirefu cha nafaka kilichosimama uani, ambacho Ansgar alikionea fahari kwa sababu kilionekana tangu barabarani, kilikuwa kinamwita adui.

Sisi ni watu wa ng'ombe, na mtu wa ng'ombe akitaka kuficha kitu mawazo yake yanakwenda zizini, maana tangu utoto ameambiwa zizi ndilo usalama wake, basi mwaka 1973 walichimba shimo katikati ya zizi, wakamwaga mtama wa mwaka mzima, wakafunika kwa magogo na samadi, ng'ombe wakalala juu yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiri kwamba ng'ombe pia hukojoa. Waswahili hao hao husema akiba haiozi, ya dada yangu ilioza, na siku ilipofunguliwa harufu ilimfikia hata baba paroko wa wakati ule akiwa altareni, mwaka ule wakala mihogo ya kuomba kwa watu, na kijiji kikampa jina la Mama Shimo, jina ambalo mimi pia, niliyekuwa nimehamia hapa kwao, nililitumia nilipotaka kumuudhi.

Oktoba 1974 tulihamishwa kwa operesheni ya vijiji tukapangwa kando ya barabara, mashamba yakabaki mbali, na hofu ikaongezeka kwa sababu sasa tulikuwa tunaonekana wote kwa pamoja. Mwaka 1975 bwana shamba wa kata, aliyekuja kwa baiskeli kuhimiza pamba, alisikia habari za Mama Shimo, na badala ya kucheka aliomba aonyeshwe shimo lile, akaingia ndani yake akagusa kuta kwa kiganja, akamshauri achimbe penye mwinuko, awashe moto ndani ya shimo mpaka kuta ziwe ngumu kama chungu, atandike majivu chini na pembeni, na azibe mdomo kwa udongo wa kichuguu, na Generosa akaongeza pumba za ulezi kati ya nafaka na ukuta. Mtama uliowekwa humo Juni ulitoka Februari ukiwa mkavu unalia mkononi, na kuanzia hapo akina mama wa jumuiya wakaanza kuja mmoja mmoja, Generosa akiwachimbia na kuwazibia, marehemu akiwabembeleza waume zao, na kufikia mwaka 1979 nyumba nyingi za Busolela zilikuwa na shimo lake.

Baada ya vita vya Kagera bunduki zilianza kuonekana mikononi mwa watu wasio askari, na wizi wa ng'ombe ambao zamani ulikuwa wa fimbo na mishale ukawa wa risasi, vijiji vya jirani vikachomwa, watu wakalala porini na watoto wao, nanyi mnakumbuka, sina haja ya kuwaeleza. Tarehe 6 Septemba 1980 walikuja hapa, wakachukua ng'ombe wote wa Ansgar, na walipoona hakuna kihenge walijua kuna shimo, wakampiga mbele ya mke wake mpaka akawaonyesha, wakalikomba lote, na tarehe 27 mwezi huohuo shemeji yangu akafa kwa majeraha yale. Dada yangu hakulia kwa sauti, na hilo pia lilisemwa na watu, ila mimi aliniambia jambo moja tulipokuwa tunapigilia misumari jeneza la mumewe, "Donatus, hawakumpiga kwa sababu ana chakula, walimpiga kwa sababu anajua kilipo."

Ndugu zangu, utaratibu ambao leo umetuweka wote katika wasiwasi huu ulizaliwa kwenye maneno hayo. Kuanzia mavuno ya mwaka 1981 alikubaliana na kila nyumba iliyotaka, moja moja kwa faragha, kwamba nyumba ibakize uani chakula cha mwezi mmoja tu, kingine imkabidhi yeye, naye atakifukia katika shimo la nyumba nyingine bila kumwambia mwenye mali ni nyumba gani, ila mwenye shimo ataambiwa anamhifadhia nani, ili mwenye mali apigwe asipigwe asiwe na la kuonyesha, na chakula cha kila mtu kiwe salama kwa kutojua kwake. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya na mtembelea wagonjwa, kwa hiyo aliibeba nafaka ya kijiji kizima mchana kweupe, kapu kwa kapu, kitambaa juu, akiingia nyumba ya mgonjwa na nyumba ya mzima, na hakuna jambazi aliyewahi kumtilia shaka. Mwenye mali anajua alimpa Theopista, mwenye shimo anajua amepokea cha nani, na aliyejua pande zote mbili alikuwa yeye tu. Nilimuuliza, nikiwa mwoga kama kawaida yangu, "Dada, ukifa je?" Akanitazama kama mtu anayetazama ubao uliopinda, akasema, "Kwani jirani hana ulimi?"

Machi 1983 surua ilirudi ikaua watoto katika nyumba kadhaa, na kama ilivyo kwetu watu hawakuridhika na jina la ugonjwa, wakatafuta mkono wa mtu, wakamwona mjane mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa mashimo yenu, anayeingia kila nyumba na kapu lililofunikwa. Aliitwa mbele ya sungusungu, na mzee Ngassa, mkubwa wao, upo hapo mzee wangu na nasema mbele yako kama ilivyokuwa, ulimuuliza kwa adabu ya kumwita mama, "Mayu, kapuni mna nini?" Naye akajibu, "Mna salamu za wagonjwa." Ukauliza tena, na tena, na jibu likawa lile lile, kwa sababu kama angetamka neno moja siri ingefika machimboni na minadani kabla ya jua kuzama. Lakini waliokaa kwenye mkutano ule walikuwa watu wa Busolela, na kila mmoja alijua kapuni mna nini kwa kuwa lilikwisha kuingia kwake, na kila mmoja alidhani akisema yeye atakipoteza chake, basi tukanyamaza uwanja mzima, na adhabu ikatolewa kwamba atengwe, asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji na wenzake. Inaniuma mpaka leo, na sioni kwa nini niifiche siku ya kumzika.

Generosa peke yake aliendelea kumsalimia, akisema yeye ni mgeni hajui sheria za watu. Mavuno yalipofika Juni, wale wale waliokatazwa kumwamkia walianza kuacha mizigo nyuma ya ua wake na kuondoka bila neno, naye akaipokea, akaigawa majumbani kama zamani, na waliomfungulia mlango walipokea kapu huku wametazama ukutani. Tarehe 19 Novemba 1983 majambazi walirudi wakachoma kitongoji cha mashariki chote, lakini hawakupata chakula zaidi ya kile cha mwezi mmoja, na asubuhi, moshi ukiwa bado unafuka, makapu yalianza kutoka katika nyumba ambazo hazikuungua, yakaenda kwa marehemu, na kwa marehemu yakaenda kwa wenyewe, hakuna nyumba iliyolala njaa wala mtoto aliyepelekwa kuombea Bugarama. Hakuna aliyetangaza kwamba adhabu imekwisha, na hakuna aliyemwomba radhi, watu walianza tu kumwamkia kisimani, "Mwadila, mayu," naye akaitikia kana kwamba walionana jana.

Mwaka jana, 1984, mvua zilitupa kisogo, mlijaza mashimo kwa taabu, wengine nusu, na mwaka huu mvua inakwenda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu, mahindi yaliyoko shambani hayajafika magotini, na mavuno hata yakija ni ya Mei. Jumatatu tarehe 28 Januari 1985 marehemu alianguka uani akitoka kuchota maji, upande wa kuume ukafa na ulimi ukafungwa, akapelekwa kwa baiskeli ya kubebea mizigo mpaka barabarani, na kwa lori la pamba mpaka hospitali ya misheni, ambako alilazwa wodi ya akina mama. Mlikuja kumwona kwa wingi na tunashukuru, mliingia mmoja mmoja, na kila mmoja aliinama sikioni mwake, na mimi niliyekaa kwenye kigoda nilijua mnauliza nini, na yeye alijua, akajaribu, mdomo ukaenda upande, machozi yakashuka, na muuguzi akalazimika kuwatoa watu nje. Nawaambia sasa kile mlichokuja kusikia, nacho si kizuri, hakumwambia mtu yeyote, si Euphrasia, si Alois, si Generosa, si mimi. Jumanne tarehe 12 Februari 1985, saa nne asubuhi, Euphrasia akiwa amemshika mkono ule uliokuwa bado una uhai, dada yetu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, akiacha watoto wawili, wajukuu saba na kijiji kisichojua chakula chake kiko wapi.

Tangu siku hiyo sijalala, na si kwa ajili ya msiba peke yake. Vijana wa Alois, kwa nia njema ya watu wa maduara, walisema tuwape siku mbili wachimbe kila ua wa Busolela mpaka nafaka ionekane, nikawajibu kwamba wakianza kuchimba nyumba ya kwanza, ya pili itachukua upinde, na dada yangu hakubeba makapu miaka minne ili sisi tumalizie kazi ya majambazi. Ninachokiogopa si bunduki safari hii, ninaogopa shimo lililonyamaza, kwa sababu mwenye njaa hana miiko, na mwenye shimo ana watoto, anajua kwamba shahidi yuko katika sanduku hili, na akinyamaza tu, bila kuiba, bila kudanganya, bila kuinua mkono, cha mwenzake kitakuwa chake, naye mwenye mali atakufa asijue amchukie nani.

Mpaka jana jioni alikuwa amejitokeza mtu mmoja tu, Bwana Bashiri mwana wa Akida, mwenye duka, ambaye babu yake alifika huku na misafara ya pwani, Mwislamu ambaye si mwanajumuiya wala hakuwa mgonjwa hata siku moja, na ambaye sikujua kabisa kwamba marehemu alikuwa anaingia kwake. Siku ya pili ya matanga alikuja akisukuma baiskeli yenye gunia la mtama, akapita mbele yetu sote mpaka kwa mama Chausiku, mjane, akalishusha miguuni pake, akasema, "Amana yako, mama, marehemu aliiweka kwangu, na hesabu ya Mungu siiwezi." Mama Chausiku alilia kuliko alivyolia tulipoleta maiti, na ninyi mliokuwepo mlitazamana, kisha mkatazama chini, kisha mkaomba kwenda kuangalia mbuzi. Nilisubiri jana kutwa. Hakuja wa pili.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya misheni waliomhudumia kwa siku zote hizo na kutuvumilia sisi tuliojaa mlangoni, namshukuru dereva wa lori la pamba ambaye hakutuuliza lolote, baba paroko aliyempa mpako wa wagonjwa, wanakwaya wenzake wa sauti ya pili, akina mama wa jumuiya waliotwanga na kupika siku hizi tatu, na majirani wote mliolala hapa. Namshukuru Generosa, aliyemwosha na kumgeuza kitandani kama mtoto amwoshavyo mama yake, na ambaye ukoo umeamua atakaa katika nyumba hii kama mwenye nyumba, asije mtu kumuuliza. Mnisamehe pia kwa uji mwepesi mliokunywa katika msiba huu, najua wengine mmesema pembeni kwamba watoto wa Mama Shimo ni wachoyo, lakini chakula cha mwezi mmoja cha marehemu kiliisha Jumatano, na huo uji ulikuwa ndio mwisho wa unga wake.

Desturi yetu ni kwamba kabla ya udongo kurudishwa mwakilishi wa ukoo huuliza kama kuna anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, ajitokeze mbele ya watu asije akafuata wajane na yatima baadaye. Leo swali hilo nalibadilisha, na wazee wameniruhusu, nauliza ni nani aliye na cha mwenzake chini ya miguu yake, aseme kwa mwenyewe kabla hatujatoka makaburini, si lazima apaze sauti, amsogelee amwambie sikioni, kama mlivyojua kuinama kwenye sikio la dada yangu. Na kwa kuwa si haki kumtuma mtu mahali usipokwenda, naanza na nyumba hii.

Mzee Ngassa, katika zizi la marehemu, lile lisilo na ng'ombe tangu mwaka 1980 na ambalo kwa hiyo ni kavu, kuna shimo ambalo Euphrasia analijua na mimi nalijua, na mtama uliomo ni wako. Mkeo marehemu Tereza alianza kuuleta mwaka 1982 bila kukuambia, kwa sababu ulikuwa umesema chakula cha kwako kitalindwa na pinde na si mashimo ya wanawake, akawa anaubadilisha kila mavuno mpaka yale ya mwaka jana, Mungu akamchukua Agosti kabla hajakueleza. Mtama huo ulikuwa humo siku ile ulipomuuliza dada yangu kapuni mna nini. Siku alipotengwa ulikuwa humo, na siku zote alizokaa bila kupewa moto alikuwa analala hatua chache kutoka kwenye chakula chako, na juzi tulipoukung'uta mfuko wa unga kwa ajili ya wageni mwanangu mmoja aliniuliza kama tulifungue shimo, Euphrasia akamkataza kabla yangu. Udongo wa mdomoni haujaguswa, tukitoka makaburini twende pamoja ukaone mwenyewe ukivunjwa.

Cha marehemu mwenyewe hatujui kilipo, utaratibu ulikuwa mmoja kwa wote na yeye hakujipendelea. Alimpa mtu, aliweka mtama na michembe aliyoikata kwa mkono wake, na mtu huyo yuko hapa kwa sababu Busolela yote iko hapa, amesikia kila neno nililosoma, anawajua wajukuu saba waliokaa mkekani mbele yake, na sisi hatutamtafuta, hatutachimba, wala hatutamtazama mtu machoni kwa kumshuku, kwa kuwa hatuna macho ya kutosha kuwashuku wote.

Dada Theopista, mwana wa Marselino, mke wa Ansgar, mama wa Euphrasia na Alois, wabeja sana, tunakushukuru, lala kwa utulivu, Bwana akupokee, sisi tunasimama sasa kukusindikiza, na tutatembea polepole.